Somo la Robo Hii: Mgonjwa wa Saratani ya Matiti na Yale Anayoyaamini Kuhusu Ugonjwa Wake



Katika toleo hili tunaleta somo linalohusu afya ya mwili na afya ya moyo kwa pamoja. Mifano yetu tumeitoa Mpapura, katika Wilaya ya Mtwara, lakini tunaamini mjumbe wa usharika wowote wa pwani ya kusini, kuanzia Mikindani hadi vijiji vya mdomo wa Mto Ruvuma, ataitambua. Tunashauri somo lisomwe kwa sauti katika kikao cha kamati na katika vikundi vya kina mama na kina baba, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili, mjumbe wa kamati aweze:
1. Kueleza jinsi imani kuhusu ugonjwa inavyoathiri hisia na maamuzi ya mgonjwa wa saratani ya matiti.
2. Kuzungumza na mgonjwa bila kumdhihaki, kumtisha wala kumdanganya.
3. Kupanga hatua chache ambazo usharika unaweza kuzichukua kwa uwezo wake.

1. Hali ilivyo

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi duniani. Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nayo na watu wapatao 670,000 walifariki kwa sababu yake. Hapa Tanzania inashika nafasi ya pili kwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Wanaume nao huipata, ingawa ni wachache sana, takriban mmoja au chini ya hapo katika kila wagonjwa mia.

Jambo linalotuumiza ni kuchelewa. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti iliyofanyika nchini mwaka 2017 ilionyesha kuwa wagonjwa wapatao wanane kati ya kumi hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati uvimbe umekwisha kuwa mkubwa au umesambaa. Katika nchi zenye uwezo mkubwa, wagonjwa zaidi ya tisa kati ya kumi huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Ugonjwa ni ule ule, lakini wenzetu hugunduliwa mapema na matibabu yao hukamilika.

Tukiulizwa kwa nini mama wa Mpapura anachelewa, wengi tutajibu: umbali na fedha. Ni kweli. Kutoka huku hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako wagonjwa wengi wa kusini wanaohitaji tiba ya mionzi hupelekwa, ni zaidi ya kilomita 500. Lakini wapo wanaochelewa hata kufika zahanati iliyo karibu na nyumbani. Huko hakuna nauli kubwa inayohitajika. Hapo ndipo tunapotakiwa kuuliza: mama huyu anaamini nini kuhusu uvimbe alio nao?

2. Maswali matano ya moyoni

Kuanzia mwaka 1980 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Howard Leventhal, pamoja na wenzake, walieleza kwamba kila anayeugua, awe amesoma au hakusoma, hujitengenezea picha ya ugonjwa wake mwenyewe. Picha hiyo hujengwa na majibu ya maswali matano:

(a) Huu ni ugonjwa gani?
(b) Umetokana na nini?
(c) Utachukua muda gani?
(d) Utaniletea nini mimi na watu wangu?
(e) Je, unatibika, na ni nani anayeweza kuutibu?

Mgonjwa haandiki majibu haya popote. Huyaokota kwa bibi yake, kisimani, redioni, kwa mganga, kanisani, msikitini na kwa nesi. Kisha huishi kwa majibu hayo. Yakibadilika, hofu yake nayo hubadilika, na hatua anazochukua hubadilika vilevile.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Wanawake wawili wana uvimbe unaolingana kwa ukubwa. Wa kwanza anaamini ametupiwa kitu na mtu wa karibu, kwamba hospitali haina dawa ya kitu cha kutupiwa, na kwamba mwisho wake ni kifo. Wa pili anaamini ni ugonjwa kama magonjwa mengine, hajui umetoka wapi, lakini amemwona jirani aliyetibiwa na bado analima. Wa kwanza halali usiku, anawaogopa ndugu zake, hali chakula kilichopikwa na wifi yake. Wa pili anaogopa pia, lakini hofu yake inamsukuma kwenda kupimwa. Madaktari wakiwapima watakuta uvimbe mmoja, ilhali mioyo ya wanawake hawa wawili imebeba mizigo miwili tofauti.

Tafiti nyingi zilizofanyika katika nchi mbalimbali kwa kufuata mawazo hayo zinaelekea upande mmoja. Mgonjwa anayeona ugonjwa wake una namna ya kudhibitiwa huwa na msongo mdogo zaidi. Anayeona umemharibia kila kitu na hauna dawa huzama zaidi katika huzuni.

3. Imani tunazokutana nazo, na zinavyofanya kazi moyoni

Imani ya kwanza: "Nimerogwa." Tusiidharau imani hii. Ina kitu inachompa mgonjwa, nacho ni jibu la swali "kwa nini mimi?" Daktari anaweza kueleza namna chembe za mwili zinavyozaliana bila mpangilio, lakini hawezi kumwambia mama kwa nini chembe zake yeye na si za jirani. Uchawi unadai kujibu. Lakini bei ya jibu hilo ni kubwa. Mgonjwa anapata adui badala ya mwuguzi, na adui huyo kwa kawaida ni mtu wa nyumbani: mke mwenza, shangazi, bibi kizee wa jirani. Wakati anapohitaji watu kuliko wakati wowote, anabaki peke yake. Tukumbushane pia kwamba kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado ipo katika vitabu vya sheria vya Tanzania.

Imani ya pili: "Mungu ananiadhibu." Hii tunakutana nayo zaidi miongoni mwa waumini wetu wenyewe. Mama anaanza kupekua maisha yake: mimba ya ujanani, ugomvi na mama mkwe, sadaka aliyoahidi asitoe. Matokeo yake ni hatia na aibu. Anaacha ibada, maana atamwombaje yule anayempiga? Katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu kama kipofu yule aliteseka kwa dhambi yake au ya wazazi wake, naye aliyakataa yote mawili. Majirani zetu Waislamu nao hufundishwa kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa. Kwa hiyo mchungaji na sheikh wa Mpapura wanaweza kusimama pamoja katika jambo hili.

Sayansi nayo inasaidia hapa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanawake wanaopata saratani ya matiti hawana kihatarishi kingine kinachojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Vihatarishi vingine vipo, kama vile ugonjwa huu kuwa katika familia, unywaji wa pombe na unene uliozidi baada ya kukoma hedhi. Lakini kihatarishi si hukumu, na mara nyingi hakuna mtu anayeweza kumwonyesha mgonjwa kosa alilofanya, kwa sababu halipo.

Imani ya tatu: "Kikiguswa na kisu kinasambaa, na anayepelekwa Ocean Road harudi." Imani hii imezaliwa na mambo ambayo watu wameyaona kwa macho. Mgonjwa anapofika hospitali akiwa hatua ya nne, hufariki muda mfupi baada ya upasuaji au mionzi, na kijiji kinahesabu: alikwenda mzima, amerudi maiti. Kila anayechelewa anaiongezea nguvu imani hii, na imani hii inamchelewesha mwingine. Duara hili halivunjwi kwa kukana kwamba watu wanakufa. Linavunjwa na mgonjwa aliyetibiwa mapema, aliyepona, anayekubali kusimama mbele ya wenzake na kusema. Ukimpata mmoja mwenye hiari, atafundisha kuliko semina tatu.

Imani ya nne: "Inaambukiza," pamoja na aibu ya titi lililokatwa. Saratani ya matiti haiambukizi kwa kula pamoja, kulala pamoja wala kunyonyesha. Hata hivyo mgonjwa hutengewa sahani na kikombe, hasa kidonda kinapotoa harufu. Aliyekatwa titi huogopa kuachwa na mumewe. Anaweza kuamua kubaki na uvimbe kuliko kubaki bila ndoa. Hapa wa kufundishwa kwanza ni waume, kisha kina mama.

Imani ya tano: "Nikiwa na imani sihitaji hospitali." Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. Walikwenda wagonjwa wa saratani, kisukari na UKIMWI. Wapo waliotoka wodini kwenda huko, na wapo waliofariki wakiwa kwenye foleni. Mchungaji Masapila alifariki mwaka 2021, na saratani ingali nasi. Hatulitaji jambo hili ili kumhukumu marehemu wala waliokwenda. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kiu kubwa ya watu kusikia neno "utapona" kutoka kwa mtu wanayemwamini. Kanisa lina neno zito. Likitumika kumsindikiza mgonjwa hospitali, linaokoa. Likitumika badala ya hospitali, linaua.

Tuongeze tahadhari moja muhimu. Tunaposema imani inaathiri moyo wa mgonjwa, hatusemi huzuni ndiyo iliyoleta saratani, wala furaha ndiyo itakayoiondoa. Mgonjwa asije akaambiwa kwamba hajapona kwa kuwa imani yake ni ndogo au kwa kuwa "ana mawazo sana." Hilo ni kumtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

4. Namna ya kuzungumza na mgonjwa

Marafiki wa Ayubu walipofika kwake walikaa chini pamoja naye siku saba bila kusema neno. Huo ulikuwa msaada wao bora. Mambo yaliharibika walipoanza kueleza sababu ya mateso yake. Kamati zetu zifuate sehemu ya kwanza.

Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Arthur Kleinman, aliwashauri wahudumu wa afya kumwuliza mgonjwa maswali mepesi kabla ya kumfundisha chochote. Tumeyaweka katika lugha ya nyumbani:

- Mama, wewe mwenyewe ugonjwa huu unauitaje?
- Unadhani umetokana na nini?
- Kwa nini umeanza wakati huu?
- Umekusumbua katika mambo gani, nyumbani na shambani?
- Kitu gani unakiogopa zaidi?
- Ungependa usaidiwe vipi?

Ukiuliza, nyamaza usikie. Akisema amerogwa, usicheke, usimkemee, wala usikubaliane naye. Unaweza kusema: "Nimekusikia, mama. Ni jambo zito kulibeba. Mimi sijui yote, lakini najua uvimbe huu una vipimo na una matibabu, na siku zinahesabika. Twende tukapime. Nitakwenda na wewe." Maneno hayo hayamlazimishi kuacha anachoamini siku hiyo hiyo. Yanampa jibu la swali la tano, kwamba unatibika, na mara nyingi hilo ndilo linalofungua mlango.

Usimwahidi usichokijua. Kusema "usijali, utapona tu" humfunga mgonjwa mdomo, maana ataonaje vema kulia mbele ya mtu aliyekwisha kusema hakuna shida? Mwambie ukweli unaoujua: mavimbe mengi ya matiti si saratani, saratani ikigunduliwa mapema, wengi hupona, ikichelewa, bado kuna tiba ya kupunguza maumivu, na yeye hataachwa peke yake. Katika kanisa letu, Hospitali ya Selian, Arusha, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuanzisha tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu ya mwili na ya moyo hata pale ugonjwa usipoponyeka. Kufa bila maumivu makali, ukiwa umepatana na watu wako, nako ni matunda ya huduma.

5. Usharika ufanye nini

Kwanza, tuwafikie wenye neno. Kwa desturi za Wamakonde na Wamakua ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mpwa wake. Tukimwelimisha mgonjwa peke yake, uamuzi unaweza kubatilishwa katika kikao cha ukoo. Mjomba na mume waalikwe mapema. Vilevile nyakanga na makungwi, ambao ndio huzungumza na wanawake kuhusu miili yao bila haya, wafundishwe dalili: uvimbe usiouma katika titi au kwapa, ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, kidonda kisichopona.

Pili, tufuate kalenda ya kwetu. Duniani kote mwezi wa kuelimisha kuhusu saratani ya matiti ni Oktoba. Mpapura, mwezi Oktoba watu wako kwenye korosho. Mama atasema, "Acha kwanza tuokote, tuuze, ndipo twende." Miezi inapita, na uvimbe hausubiri mnada. Somo litolewe Julai au Agosti, ili atakayeonekana na dalili apimwe kabla ya msimu.

Tatu, tuteue wasindikizaji. Kila mtaa uwe na kina mama wawili walio tayari kumsindikiza mgonjwa kutoka zahanati hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na kuendelea pale atakapopewa rufaa. Msindikizaji anabeba daftari, anaandika tarehe ya kurudi, na anamkumbusha mgonjwa maswali aliyokusudia kumwuliza daktari.

Nne, tuangalie dalili za sonona. Mgonjwa kuhuzunika ni kawaida. Lakini akikaa wiki mbili au zaidi bila kutaka kula, bila kulala, bila kujali watoto wala usafi wake, au akisema heri afe, tusimwachie maombi peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo, na asiachwe peke yake njiani. Huduma ya kwanza ya moyo inaweza kutolewa na watu wa kawaida. Nchini Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu waliolemewa na mawazo, kisha kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Benchi tunayo chini ya kila mwembe. Bibi tunao pia.

6. Neno kwa wafadhili

Ndugu wafadhili, mara nyingi tunaombwa tuonyeshe msaada wenu umenunua nini. Katika eneo hili vitu vinavyohitajika ni vidogo na havipendezi sana kwenye picha: nauli ya watu wawili kwenda Dar es Salaam na kurudi, chakula na mahali pa kulala wakati wa wiki za mionzi, pedi na dawa za kusafishia kidonda ili harufu isimfukuze jirani. Lakini kila kimoja kinajibu swali la moyoni. Mama aliyeshikishwa nauli pamoja na msindikizaji ameambiwa, bila hotuba, kwamba watu wanaona ugonjwa wake unatibika na kwamba yeye anastahili kutibiwa.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mgonjwa apate majibu kamili ya vipimo ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha kwanza, na kwamba angalau wanane kati ya kumi wamalize matibabu yao. Wengi huishia katikati. Msaada wa kumrudisha mgonjwa kwenye awamu yake ya pili na ya tatu ya tiba ni wa thamani sawa na ule wa kumpeleka mara ya kwanza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, watu husema saratani ya matiti inatokana na nini? Yaandikeni majibu yote bila kubishana.
2. Kila jibu mlilotaja linamfanya mgonjwa ajisikie vipi, na linamfanya achukue hatua gani?
3. Je, yapo maneno ambayo sisi viongozi huyasema mimbarini au katika maombi ambayo yanaweza kumwongezea mgonjwa hatia?
4. Ni nani katika ukoo au kijiji ambaye asiposhirikishwa mgonjwa hatakwenda hospitali? Tutamfikiaje?
5. Teueni wasindikizaji wawili. Lini wataanza, na nani atawapokea kwenye zahanati?

Tunaziomba kamati zitutumie majibu ya swali la kwanza na la tano kupitia ofisi ya jimbo kabla ya toleo lijalo, ili sharika zijifunze kutoka kwa wenzao. Mgonjwa wa kwanza wa kufikiriwa si yule ambaye hatujamjua. Ni yule ambaye kila mmoja wetu, akisoma hapa, amekwisha kumkumbuka kwa jina. Tuanze na huyo, wiki hii.